Shimo Liwe na Mwenyewe

Mwenye kusafiri kutoka mjini Mwanza kwa njia ya Pasiansi na uwanja wa ndege, akaelekea Igombe, Sangabuye na Kayenze, hana haja ya kuelezwa kwamba mkoa huu unajengwa. Malori yaliyosheheni mchanga, mawe, kokoto na moramu hupishana naye njia nzima. Katika miaka michache iliyopita tumeishuhudia stendi kuu ya mabasi pale Nyamhongolo, tumeiona kazi ya reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka yenye urefu wa kilomita 341 iliyoanza mwaka 2021, na Juni 2025 tukalivuka kwa miguu na kwa magari daraja la Kigongo na Busisi lenye urefu wa kilomita 3. Hapo hatujazihesabu nyumba za wananchi zinazochipuka Buswelu, Kiseke na Nyasaka kama uyoga wa masika. Sisi hatumo miongoni mwa wanaoyanunia maendeleo hayo. Lakini kila jengo lina shimo lake mahali fulani, na leo tunataka kusema juu ya mashimo.

Jiwe la Ilemela lina wenyewe wengi. Lina mwenye leseni, lina mpasuaji, lina dereva na tajiri wake, lina dalali. Lina halmashauri yenye ushuru wake, na lina Serikali Kuu yenye mrabaha, ambao kwa madini ya ujenzi Sheria ya Madini ya mwaka 2010 iliuweka kuwa asilimia 3 ya thamani. Kila mmoja wao analijua fungu lake na hulidai bila haya. Likishaondoka jiwe la mwisho, shimo hubaki halina mwenyewe. Mwenye leseni amehama, lori limefuata machimbo mengine, na vitabu vya stakabadhi vimefungiwa kabatini. Anayebaki nalo ni mwananchi aliye jirani, ambaye pengine hakupata hata ndoo moja ya kokoto.

Tuanze na ardhi yenyewe. Vilima vyetu ni vya mwamba mgumu wa matale, ambao wengi sasa huuita granaiti, mwamba wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili. Mwamba huo umesagika polepole kwa jua na mvua, ukatoa udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni. Luseni ndio shamba la muhogo, la viazi vitamu na la karanga. Udongo huo huo fundi mwashi huuita mchanga. Hapa ndipo palipo na kiini cha jambo: kitu kimoja kina majina mawili, na jina la pili lina bei kubwa kuliko la kwanza. Mkulima akiuza matripu machache ya shamba lake hupata kwa siku mbili fedha ambazo muhogo haukumpa kwa msimu mzima. Nani atamlaumu, naye ana karo ya watoto na bati la kununua? Ila muhogo huzaa tena, na luseni hauzai.

Baada ya ardhi ni afya. Shimo lililochimbwa kwa mashine lina kingo za kusimama wima. Mtoto anayeingia kuoga humo wakati wa mvua, akiteleza, hana pa kushika. Hilo kila mzazi analifahamu. Lisilofahamika sana ni habari ya kichocho, ugonjwa ambao Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Mwanza, imeuchunguza kwa miaka mingi. Kichocho cha tumbo hupatikana zaidi ufukoni na visiwani, kwa kuwa konokono anayekieneza huishi katika maji ya ziwa. Kile cha mkojo hufuata vidimbwi vya bara, kwani konokono wake huweza kustahimili ukame: maji yakikauka hujilaza ndani ya tope, na mvua ikirudi huamka. Basi shimo la moramu lililoachwa wazi kando ya barabara, lenye maji miezi michache na tope miezi mingine, ni sawa na nyumba aliyojengewa konokono huyo kwa gharama za umma. Wizara ya Afya hugawa dawa za kichocho mashuleni, nasi tunaisifu. Lakini kugawa dawa huku tukimzidishia konokono makazi ni kuchota maji kwa pakacha.

Ndugu zetu wa visiwani wasidhani kwamba haya ni mambo ya bara tu. Udongo uliofunuliwa juu ya kilima hausubiri kibali. Mvua ya kwanza ya vuli huuteremsha ziwani. Sato dume huchimba kiota chake katika maji mafupi, juu ya mchanga, na hapo ndipo jike hutaga. Tope likifunika mahali hapo, au mchanga wenyewe ukichotwa na kupakiwa katika mitumbwi, hakuna kiota, na pasipo kiota hakuna sato. Tumezoea kumlaumu mvuvi mwenye makokoro kila samaki wanapopungua, na mara nyingi lawama hiyo ni ya haki. Mwenye beleshi naye aulizwe.

Tena kisiwa kina dhiki yake ya pekee. Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria, hata hivyo ardhi yake ina mpaka ambao hakuna mkutano wa baraza unaoweza kuusogeza. Bezi, Ukara, Juma, Kome na Maisome, hali ni hiyo hiyo. Mfuko wa saruji utavushwa kwa mashua, nondo zitavushwa, lakini mchanga na mawe huchimbwa pale pale, mara nyingi ufukoni, kwa kuwa ndiko karibu. Mwezi Mei 2020 ziwa lilipanda likaipita rekodi iliyowekwa mwaka 1964, na mwaka 2024 likapanda zaidi. Wakazi wa fukwe walihama na wengine wakapoteza nyumba na mialo. Ufuko ulioachiwa mchanga na matete yake huvunja nguvu ya wimbi. Ufuko uliochotwa hulipokea wimbi mpaka mlangoni. Mtu wa bara akiharibu shamba anaweza kuomba jingine kijiji cha pili. Mtu wa kisiwani ataomba wapi?

Je, sheria haipo? Sheria ipo, tena nyingi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 57, imekataza shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuathiri hifadhi ya kingo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Sheria hiyo hiyo inatambua dhamana ya fedha anayoweza kutakiwa kuiweka mtu ambaye shughuli yake yaweza kudhuru mazingira. Sheria ya Madini nayo ilifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2017, ikaundwa Tume ya Madini, na maafisa madini wakazi wako mikoani. Migodi mikubwa hutakiwa kuwa na mpango wa kufunga mgodi na kuweka dhamana ya ukarabati wa ardhi. Ndiyo maana mgodi wa Buzwagi kule Kahama, uliozalisha dhahabu tangu mwaka 2009, ulipofikia mwisho wa uzalishaji mwaka 2021 palikuwa na hesabu ya kudaiwa na palikuwa na mtu wa kudaiwa, na eneo lake likapangiwa kazi nyingine ya viwanda. Mashimo ya wazi ya Geita, yaliyoanza kutoa dhahabu mwaka 2000, yana mwenyewe anayejulikana kwa jina na anwani.

Mchimbaji mdogo wa mawe na mchanga yuko katika hali nyingine. Leseni yake ni ya Watanzania peke yao, ni ya miaka saba, na anatakiwa na kanuni kuwa na mpango wa kutunza mazingira. Mpango huo ni karatasi. Huandikwa siku ya kuomba, ukapigwa mhuri, ukawekwa katika jalada. Kwa kifupi, sheria imemshika mkubwa kwa fedha na mdogo kwa karatasi, na karatasi haijapata kufukia shimo. Nao wanaochimba bila leseni yoyote, usiku au Jumapili, hao hata karatasi hawana.

Inafaa tutazame wenzetu walivyolikabili jambo hili, na mfano ulio wazi ni wa makaa ya mawe ya Marekani. Katika milima ya Appalachia makampuni yalizoea kuufunua mlima, kuchukua makaa na kuondoka, yakiacha vifusi na mabwawa ya tope juu ya vichwa vya watu. Tarehe 26 Februari 1972 bwawa moja la taka za makaa lilipasuka katika bonde la Buffalo Creek, West Virginia, likaua watu 125. Hata baada ya msiba huo Rais Ford aliukataa mswada wa sheria mara mbili, hoja ikiwa ni ajira na bei ya nishati. Hatimaye Rais Carter alitia sahihi tarehe 3 Agosti 1977. Sheria hiyo ilisema mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza, hakuna kibali cha kuchimba makaa juu ya ardhi bila kuweka kwanza dhamana, nayo hairudishwi mpaka ardhi irejeshwe karibu na umbo lake la awali na mimea ishike. La pili, kila tani iliyochimbwa kwa njia hiyo ilitozwa senti 35 za dola kwa ajili ya kukarabati mashimo ya zamani ambayo wenyewe hawakujulikana tena. Haikuponya kila kidonda. Yako makampuni yaliyofilisika na dhamana zao zikaonekana ndogo kuliko shimo. Lakini fedha ya shimo ilitengwa tangu siku ya kwanza, ikawa ni ya shimo. Sisi nasi tunachimba makaa juu ya ardhi, kule Ngaka mkoani Ruvuma tangu mwaka 2011, na mwaka 2022 soko la nje lilipochangamka makaa ya Ruvuma yalisafirishwa kwa wingi kupitia bandari ya Mtwara. Somo hilo lawafaa wa huko kama litufaavyo sisi wa mawe.

Atasema mtu kwamba jiwe si udongo, na mwamba ukishapasuliwa hakuna wa kuurudisha. Ni kweli. Kwa mtu huyo tunayo habari ya Bamburi, karibu na Mombasa. Kiwanda cha saruji kilianza pale mwaka 1954, kikachimba mawe ya matumbawe mpaka kikaacha jangwa jeupe, sakafu ya mwamba yenye joto kali na maji ya chumvi chini yake kidogo. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo wa kampuni hiyo, René Haller, alianza kupanda miti. Alijaribu aina 26. Zikashika tatu tu. Mmojawapo ni mvinje, ule tunaouona pwani yote. Lakini majani ya mvinje yalianguka yakalala juu ya mwamba bila kuoza, kwa hiyo udongo haukupatikana. Ndipo alipoleta majongoo. Ndiyo, majongoo, mdudu ambaye mtoto humrukia kwa kelele. Majongoo waliyala majani yale, na mavi yao yakawa udongo. Juu ya udongo huo ikaota miti mingine, wakaja ndege, yakachimbwa mabwawa ya kufugia sato, na mwaka 1984 pakafunguliwa kwa wageni waje kutembea. Leo wenye kulipa kiingilio hawaoni kwamba wanatembea ndani ya shimo la mawe. Hakuna aliyeurudisha mwamba wa Bamburi. Palichofanyika ni kulipa shimo kazi.

Wala hatuna haja ya kwenda mpaka Mombasa. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, wakati ardhi ya jirani zetu ilipokuwa imechakaa kwa kukata miti na kwa mifugo, na wengine walikwisha kuita eneo hilo jangwa. Wataalamu walianza kwa miche ya kigeni, wakaona haiendi mbali. Kazi ilishika waliporudi katika desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kuutenga uwanja wa malisho na kuufungia mpaka kiangazi, ukapata nafasi ya kupumua. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimeenea katika mamia ya maelfu ya hekta. Kisiwani Ukara nako maafisa wa kilimo waliandika tangu mwaka 1936 jinsi Wakara, katika kisiwa kisichofika kilomita 100 za mraba, walivyowafungia ng'ombe ndani ili samadi isipotee, walivyopanda marejea kati ya uwele ili kuurutubisha udongo, na jinsi kila mti ulivyokuwa na mwenyewe. Mtu ambaye babu yake alibeba samadi kichwani kwa kuuheshimu udongo wa luseni hawezi kuambiwa kwamba kurejesha ardhi ni fikra ya kizungu.

Sisi tunapendekeza hivi. Kila tripu inayotoka machimboni, pamoja na ushuru na mrabaha unaotozwa sasa, itoe kiasi kidogo cha dhamana, na kiasi hicho kiandikwe kwa jina la shimo lenyewe, wala kisiingizwe katika mfuko wa jumla ambamo kila shida ya halmashauri hupiga mbizi. Tunauliza, na tungependa kujibiwa: katika makusanyo ya mwaka wowote uliopita, ni shilingi ngapi zilizorudi katika shimo zilikotoka? Mwenye leseni akimaliza kazi, akalainisha kingo, akarudisha udongo wa juu alioutenga tangu mwanzo na miti ikashika, arudishiwe fedha yake yote. Asipofanya, kijiji au mtaa uajiri vijana kwa fedha hiyo hiyo. Na anayethibitisha kwamba kazi imekwisha asiwe afisa wa ofisini peke yake. Wawe wananchi katika mkutano wao, waliosimama ukingoni na kulitazama shimo kwa macho yao.

Jambo la udongo wa juu twalirudia kwa kuwa halina gharama yoyote. Ule udongo mweusi wa kina cha jembe moja ndio wenye rutuba na mbegu za nyasi. Siku ya kwanza ya kuchimba usukumwe pembeni, utunzwe, usiuzwe. Machimbo mengi huutupa chini na kuurundikia vifusi juu yake, kisha watu wakashangaa kwa nini hakuna kinachoota.

Kwa wakandarasi wa barabara dawa ni fupi zaidi. Mkandarasi hungoja cheti chake cha mwisho cha malipo kama mfungaji angojavyo mwezi. TANROADS na TARURA wasikitie sahihi cheti hicho kabla mhandisi hajayakagua mashimo ya moramu. Pale ambapo wanakijiji wanataka shimo libaki liwe lambo la mifugo, na waombe kwa maandishi, na lichongwe kama lambo, lenye mteremko wa kuingilia na kutokea.

Limebaki jambo ambalo hatutaki litumiwe vibaya. Juu ya vilima vyetu wamo akina mama, wajane wengi miongoni mwao, wanaokaa kutwa chini ya kipande cha turubai na nyundo mkononi, wakigonga kokoto na kuziuza kwa ndoo. Tunajua kwamba kila linapotolewa agizo la kulinda mazingira, watu wa kwanza kukimbizwa na mgambo ni hao, kwa kuwa hawana gari la kuwakimbizia. Agizo la namna hiyo hatuliungi mkono. Mama mwenye nyundo hakuchimba shimo la mita kumi; hulichimba mwenye mashine. Akina mama hao watengewe maeneo yanayojulikana, wasajiliwe kwa vikundi, wapewe miwani ya kuzuia vipande vya mawe machoni, na wafundishwe kuacha ngazi katika mwamba badala ya genge. Wanaopasua mawe kwa kuyachoma moto wa matairi waelezwe madhara ya moshi ule kwa vifua vya watoto wanaowabeba mgongoni, na waonyeshwe njia nyingine, kwani kukataza bila kuonyesha ni maneno matupu.

Kwa visiwa tunaona pawepo ukali zaidi. Mita 60 za ufuko zisiwe za kujadiliwa, na kila kisiwa kipangiwe mahali pamoja au pawili pa kuchota mchanga, mbali na mazalia ya samaki, chini ya ulinzi wa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi ambavyo tayari vipo mialoni na vinawajua wenye mitumbwi kwa majina. Wajumbe wa vikundi hivyo waombwe kwa heshima na walipwe posho yao kwa wakati. Tumesikia manung'uniko mengi upande huo.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na makisio ya halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla ya hapo. Kazi ya kwanza haihitaji mamilioni. Watendaji wa mitaa na vijiji, kuanzia Bugogwa na Shibula mpaka Kayenze na Bezi, wahesabu mashimo yaliyomo katika maeneo yao, waandike lilipo kila moja, kina chake, lilichimbwa lini na nani, na kama lina maji. Orodha hiyo ibandikwe katika ubao wa matangazo wa kila kata, na nakala zipelekwe kwa Afisa Madini Mkazi na katika ofisi ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira hapa Mwanza. Palipo na jina la mchimbaji, aitwe. Pasipo na jina, diwani aulizwe shimo hilo liliingizwa katika kitabu gani wakati lilipokuwa likitoa mawe.